Mama kakatiwa fudistampu kwa sababu ya kujibu "ndiyo" kwenye simu, tufanyeje?

mtoto_wa_kwanza

Habarini wakuu. Naomba mawazo yenu hasa nyie mlioko huku Marekani muda mrefu. Sisi ni Wakongo, tumekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tulifika huku 2017 na wote tuna grinikadi (kibali cha kuishi huku kwa kudumu). Mimi niko jimbo lingine naendesha foklifti kwenye ghala, mama yuko na wadogo zangu wawili, mmoja 16 mwingine 12. Kwenye hiyo nyumba anaishi pia mjomba na mkewe na watoto wao watatu, kodi wanagawana maana nyumba zimepanda bei mpaka unachoka, lakini kila upande unanunua chakula chake na kupika chake. Mama anafua mashuka ya hoteli, masaa yake yanapanda na kushuka, wiki nyingine 20 wiki nyingine 30.

Sasa muda wa kurudia maombi ya fudistampu, ule msaada wa chakula wa serikali, ukafika. Ikaja barua kurasa sita Kiingereza kitupu. Msomaji wa barua wa nyumba nzima ni mdogo wangu wa miaka 12. Akaipitia akamwambia mama "wanasema watakupigia simu", ni kweli ndivyo ilivyoandikwa, ila siku na saa hakumwambia, barua ikaenda kukaa juu ya friji pamoja na matangazo ya pizza. Simu ikaja mama yuko kazini mashine zinanguruma, namba haijui, akapokea tu. Mtu wa ofisi akaongea weee, mama akasema "Swahili, Swahili", wakamuunganisha na mkalimani. Nilidhani hapo ndo mambo yangenyooka kumbe ndo yalipoharibikia.

Huyo mkalimani Kiswahili chake cha taarifa ya habari. "Mkuu wa kaya ni nani?" Mama kaya haijui ni kitu gani, lakini aliposikia mkuu akataja jina la mjomba, si ndo mwanaume wa nyumba. "Kaya yenu ina watu wangapi?" Akasema wanane maana ndo wanaolala humo. "Mapato ghafi ya kaya kwa mwezi ni kiasi gani?" Akajibu NDIYO. Nimemuuliza mama, ndiyo ya nini wakati umeulizwa kiasi? Ananiambia "niliona wanauliza sana nikaona nisiwasumbue". Wiki mbili baadaye barua nyingine, maombi yamekataliwa, kipato kimezidi. Wamemjumlishia mshahara wa mjomba ambaye yuko kiwanda cha nyama anapiga ovataimu kila wiki.

Mimi nimeiona barua juzi tu kwa picha ya WhatsApp, ina wiki tatu tayari. Tunaweza kukata rufaa au muda umepita? Na je hili ni kosa la mama, la mkalimani au la ofisi? Mdogo wangu amejifungia chumbani anasema yeye ndo kamnyima mama chakula.

---

mzee_wa_Baraka

Pole sana kijana. Kwanza ambia huyo mtoto atoke kwenye chumba, hana kosa. Mtoto wa miaka 12 kupewa barua ya serikali ya kurasa sita asome, hata mimi mzee mzima ile barua ingenishinda.

Miye nilipitia hiyo hiyo kabisa, lakini yangu ilikuwa ya Medicaid, ile bima ya afya ya serikali. Kwetu hatusemi kaya, tunasema nyumba ao familia. Kaya mama angeijulia wapi? Mutu wa Fizi, kule kwetu Congo, ukimwambia "mapato ghafi" anaweza kufikiri unamuuliza juu ya mavuno. Sema "franga unalipwa mbele hawajakata kitu", ataelewa palepale. Wanaandika kwenye karatasi lugha SWAHILI wanafikiri Swahili ni moja toka Mombasa mpaka Lubumbashi.

Na ile tabia yetu ya kusema ndiyo. Kambini ukiulizwa kitu na mutu mwenye karatasi unajibu ndiyo, juu ukisema hapana unaondolewa kwenye foleni. Miaka ishirini tumefundishwa hivyo, sasa mama ataiacha siku moja kwenye simu, mashine zinapiga kelele?

---

mkwelimchungu

Samahani nitasema ukweli ambao hamtaupenda. Mmefika 2017. Mpaka leo mama hajui kusema "three people, me and two kids"? Hayo ni maneno sita. Mnategemea ukalimani maisha yote halafu mnalaumu ofisi.

---

njoki_wa_baridi

@mkwelimchungu wewe ulifika na digrii na ndege ulilipiwa na shule, tulia. Huyu mama anafua mashuka mchana, saa ngapi ataenda darasani? Na hata angejua hayo maneno sita bado angekosea, juu swali halikuwa uko na watoto wangapi. Swali lilikuwa household, hiyo kaya, na hapo hata Wamarekani wenyewe huchanganyikiwa.

@mtoto_wa_kwanza mimi ni Mkenya, nimekuwa nikisaidia watu kujaza hizi fomu hapa kanisani kwetu kama miaka tisa hivi, si wakili lakini fomu nazijua. Nisikize vizuri.

Muda HAUJAPITA. Kwa SNAP, ndiyo jina rasmi la fudistampu, mtu ana siku 90 za kuomba kusikilizwa rufaa, zinahesabiwa tangu uamuzi uliotumwa. Nyie mko wiki ya tatu. Si lazima uandike insha, hata mama akipiga simu aseme "sikubaliani na uamuzi huu nataka kusikilizwa" inatosha, lakini mimi huambia watu waandike na wabaki na kopi yenye mhuri wa siku imepokelewa, juu simu hazina ushahidi.

Halafu sambamba na hiyo apeleke maombi mapya LEO, asingoje rufaa. Watu hawajui hii: maombi yanahesabika siku ile ofisi inapokea karatasi iliyo na jina, anwani na sahihi, basi. Hayo mengine yote ya vijikaratasi vya mshahara na kodi unaleta baadaye. Akikubaliwa wanahesabu kutoka hiyo siku. Kwa hivyo kila siku anayokaa akisubiri mtoto wake amjazie ukurasa wa nane, ni pesa inapotea. Wana siku 30 za kutoa jibu, na kama nyumba imekauka kabisa, mapato ya mwezi chini ya dola 150 na mfukoni hakuna zaidi ya dola 100, au kodi na stima zinapita kila kitu alicho nacho, wanatakiwa wampe ndani ya siku 7.

Sasa jambo lenyewe. Kwa SNAP nyumba si wale mnaolala pamoja. Ni wale wanaokaa pamoja NA kwa kawaida wananunua na kupika chakula pamoja. Mume na mke huhesabiwa pamoja hata wakisema wanapika kando kando, na mtoto chini ya miaka 22 anayekaa na mzazi wake pia. Lakini mama yako na kaka yake, kama kweli kila mtu na chakula chake, hao ni nyumba mbili ndani ya mlango mmoja. Mama na watoto wawili, watu watatu, mshahara wa kufua. Mshahara wa mjomba hauingii hapo kabisa.

ILA iwe kweli. Usimfundishe mama kusema tunapika tofauti kama sufuria ni moja. Hapo inakuwa kesi nyingine mbaya.

---

mtoto_wa_kwanza

@njoki_wa_baridi Mungu akubariki dada, sikujua kabisa hiyo ya jina anwani na sahihi. Ni kweli wanapika tofauti, friji zenyewe ni mbili, ya mjomba iko gereji. Mke wa mjomba anapenda sombe (kisamvu cha mawese) kila siku, mama anaumwa tumbo na mawese. Lakini Jumapili baada ya kanisa wanakula wote pamoja, mjomba ananunua samaki. Hiyo si itatuharibia? Na mjomba akipika ugali watoto wetu wanakula, utawazuiaje?

---

njoki_wa_baridi

Kanuni inasema kwa kawaida. Samaki wa Jumapili si kawaida, ni sherehe. Mama aseme hivyo hivyo bila kuficha, "Jumapili tunakula pamoja, siku zingine kila mtu ananunua na kupika chake." Wakiuliza ushahidi, risiti za duka za mama na barua fupi ya mjomba yenye sahihi yake.

---

dada_wa_simu

Nimesoma huu uzi nikatamani kuufunga maana huyo mkalimani wa kaya ni mimi. Sio wa kesi yenu, lakini mimi ni Mtanzania, nimefanya ukalimani wa simu mwaka wa sita sasa, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nasema kaya, kaya, kaya kutwa nzima. Nilikuwa najiona namsaidia mtu kwa Kiswahili safi. Kichwani mwangu kaya ni neno la kawaida, nimekua na "mkuu wa kaya" kwenye karatasi za serikali ya mtaa. Siku moja mama mmoja wa Kikongo akaniambia "mwanangu hiyo kaya sina, nina watoto tu". Nilicheka, halafu baada ya simu nikaanza kufikiria ni wangapi waliniitikia ndiyo.

Naomba niwaeleze simu inavyokuwa upande wetu. Mimi nimekaa chumbani kwangu, sijui mama yuko wapi, sioni uso wake. Simu inaingia, nina sekunde kadhaa, sijaambiwa kesi inahusu nini. Taratibu zinasema nitafsiri kila kinachosemwa kama kilivyo, nisiongeze, nisipunguze, nisimshauri mtu. Yaani hata nikisikia kabisa kwamba mama hajaelewa, siwezi kumwambia "mama kaya maana yake wale mnaopika pamoja". Ninachoruhusiwa ni kumwambia afisa "mkalimani anaomba ufafanuzi wa neno hili" halafu afisa mwenyewe aeleze kwa maneno mepesi ndo nimtafsirie mama. Wakalimani wengi hawafanyi hivyo, kwa sababu afisa anapumua kwa nguvu kwenye simu, ana foleni. Mimi sasa hivi nafanya kila nikisikia household, apumue asipumue.

Kwa hiyo mwambie mama yako mambo haya, na ayasikie kwako si kwa mtoto. Simu ikipigwa yuko kazini au kuna kelele, ana haki ya kusema "sasa hivi siwezi, nipangieni saa nyingine". Ofisi ikikosa kumpata kwenye interviu inatakiwa kumpa taarifa kwamba ameikosa na nafasi ya kupanga nyingine, dunia haijaisha. Akiwa na mkalimani asiyemwelewa aseme "simwelewi huyu mkalimani, nataka mwingine". Tunabadilishwa kila siku na hatukasiriki, mimi jana nimebadilishwa mara mbili. Na kwenye fomu pale pa lugha aandike Swahili, halafu pembeni aongeze Congo. Si ofisi zote zinazingatia lakini ikiwepo kwenye faili mnakuwa na pa kushika.

La mwisho, swali likianza na "ngapi" au "kiasi gani" na yeye amejibu "ndiyo", mkalimani anatakiwa atafsiri hiyo ndiyo kama ilivyo, na afisa alitakiwa ashtuke. Mtu ameulizwa ni dola ngapi kajibu ndiyo, halafu wewe umeandika namba? Umeitoa wapi hiyo namba? Kwenye rufaa mimi ningeulizia hapo.

---

mzee_wa_Baraka

Dada wa simu umesema kama mutu mukubwa. Asante kukubali kosa, si wengi wanakubali.

---

mkwelimchungu

Sawa hiyo ya dada nimeielewa. Lakini nasikia Trump alishafuta hayo mambo ya ukalimani mwaka jana au juzi, Kiingereza ndo lugha rasmi sasa. Kwa hiyo mnampa huyu kijana matumaini ya bure.

---

njoki_wa_baridi

Hapana, na hii ndiyo imefanya watu wengi hapa kwetu waache kuomba mkalimani kabisa, kwa hivyo wacha niandike polepole.

Kulikuwa na agizo la rais, namba 13166, Clinton alisaini Agosti 2000, likiambia idara za serikali kuu ziweke mipango ya kuhudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 Trump alitangaza Kiingereza lugha rasmi na akafuta hilo agizo. Mpaka hapo uko sawa. Lakini haki yenyewe haikuzaliwa 2000. Imetoka kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964, ile sehemu ya sita, kwamba ofisi inayokula pesa ya serikali kuu haiwezi kubagua mtu kwa asili ya taifa lake, na 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitumia kwenye kesi ya watoto Wachina wa San Francisco waliokuwa wanawekwa darasani bila kusaidiwa lugha. Hiyo sheria ni ya Bunge, rais hawezi kuifuta na kalamu. Na SNAP ina kanuni zake kando kuhusu wakalimani. Angalia mwisho wa hiyo barua ya mama, kuna aya ndefu ya maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma, hapo ndiyo wanaeleza malalamiko ya ubaguzi yanapelekwa wapi, na ukitaka kulalamika una siku 180. Lakini malalamiko hayarudishi chakula. Rufaa na maombi mapya ndiyo yanarudisha. Anza na hayo, hasira baadaye.

---

Kasulu_boy

Nidandie hapo hapo, mimi ni mkimbizi, sina grinikadi bado, niko na miezi 10 tu huku. Nilikuwa napata fudistampu nikaambiwa zinaisha. Ni hiyo hiyo ya lugha?

---

njoki_wa_baridi

@Kasulu_boy hapana yako si lugha, yako ni sheria mpya ile ilisainiwa tarehe 4 Julai 2025. Iliondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP. Mkimbizi anarudi akishapata grinikadi, na hangoji ile miaka mitano ya watu wengine. Ukifika mwaka mmoja peleka maombi ya grinikadi hiyo wiki. Kwa sasa uliza shule ya watoto kuhusu chakula cha mchana, na kama mke ana mtoto chini ya miaka mitano au ni mjamzito aende WIC, hiyo ni programu tofauti ya chakula cha kina mama na watoto wadogo. Na benki nyingi za chakula haziulizi karatasi za uhamiaji. Anzisha uzi wako tukusaidie vizuri, hapa tutachanganya kesi ya mwenzako.

Sheria hiyo hiyo iligusa na umri wa kazi, sasa masharti ya kufanya kazi masaa 80 kwa mwezi yanafika mpaka miaka 64. Mama wa mtoto_wa_kwanza asishtuke, ana mtoto wa miaka 12, mwenye mtoto chini ya miaka 14 hayamhusu. Lakini mtoto akifika 14 aanze kutunza vijikaratasi vyake vya masaa.

---

kaka_wa_lori

Mie nilidhani ukikata rufaa fudistampu zinaendelea kuingia mpaka uamuzi utoke? Mimi yangu ziliendelea.

---

njoki_wa_baridi

Yako walikukata katikati ya muda na ukakata rufaa mapema. Huyu muda wake uliisha akawa anarudia maombi, hapo haziendelei. Ndiyo maana nimemwambia apeleke maombi mapya leo. Leo si kesho.

---

dada_wa_simu

Na kitu kimoja tena, mtoto_wa_kwanza wewe mwenyewe unaweza kuwa mwakilishi wa mama kwenye kesi, hata ukiwa jimbo lingine. Mama anaandika na kusaini kwamba amekuteua, basi barua zinakuja na kwako na unaruhusiwa kuongea na ofisi. Lakini bado omba mkalimani mama akiwa anahojiwa. Mtoto wa mtu akitafsiri anaanza kumjibia mzazi, nimeyasikia sana, mama anaongea dakika tatu mtoto anasema "she says no".

---

mtoto_wa_kwanza

Wakuu nimerudi, zimepita siku 12.

Siku ile ile nilimwambia mdogo wangu aandike jina la mama, anwani, mama akasaini, akapeleka mwenyewe ofisini kwa basi kabla ya kazi. Rufaa nayo niliandika mimi, kopi ninayo yenye mhuri. Wiki iliyofuata mtu wa ofisi akanipigia kabla ya siku ya kusikilizwa akauliza shida ni nini, nikamwambia tu swali lile, mama alijibu "ndiyo" kwenye swali la kiasi gani, namba mliyoandika mmeitoa wapi. Akakaa kimya. Akasema atapanga interviu upya.

Interviu imefanyika jana, mama alikaa ndani ya gari ya mjomba hakuna kelele. Mkalimani wa kwanza mama akasema "simwelewi", alisema kwa sauti ndogo ikabidi arudie, lakini alisema. Wakamletea wa pili, kumbe ni mama wa Fizi, wakaanza kuulizana wewe wa ukoo gani, unamjua fulani, mpaka yule afisa akakohoa. Kwenye swali la watu wa nyumbani mama akaeleza yote, mpaka mawese na friji ya gereji na samaki wa Jumapili. Afisa akauliza mara mbili kama mjomba hanunui chakula cha mama, mama akasema "ananunua cha mke wake, na mimi cha kwake kinaniumiza tumbo".

Wameomba vijikaratasi vya mshahara vya wiki nne na barua ya mjomba, vimeenda leo. Majibu bado. Mdogo wangu ametoka chumbani ila amekataa kusoma barua zozote, anasema atanipigia picha tu nisome mwenyewe.

---

dada_wa_simu

Huyo wa Fizi akisikilizwa na bosi wake kwa zile salamu atasemwa 😂 lakini mwambie mama aandike namba ya utambulisho ya mkalimani akiitaja mwanzo wa simu, siku nyingine anaweza kuomba huyo huyo akiwepo. Siku 30 zikipita bila barua rudi hapa.